Barua kwa Zuhura, kutoka Nagoya

Shoga yangu Zuhura,

Waambaje? Mie mzima, ila baridi inanila vidole. Najua umeninunia, miezi minne bila hata salamu. Una haki. Lakini lile swali lako, eti hawa Wajapani wasioswali wanajuaje kosa, lilinikaa kooni.

Juzi nilikwenda Tokyo nikapita hekalu la Sengakuji, kwenye makaburi ya watu wa kisa hiki. Mwaka 1701 bwana mmoja, Asano, alimjeruhi kwa upanga Kira, ofisa wa ngome, ndani ya ngome ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani. Akaamriwa ajipasue tumbo siku ileile. Kira, hata kukaripiwa hakukaripiwa! Basi watumishi 47 wa Asano wakanyamaza karibu miaka miwili, mkubwa wao Oishi akijitia ulevi ili wapelelezi wamdharau. Usiku mmoja wakamvamia Kira, wakamkata kichwa, wakakiosha kisimani hapo hekaluni, wakakipeleka kaburini kwa bwana wao. Kisima chenyewe kipo, nimekiona. Nikasisimka, wallahi.

Sasa wakubwa wakakwama. Kumlipizia bwana wako kisasi ni uaminifu, kuvamia nyumba ya mtu usiku ni ujambazi. Mwanazuoni Ogyu Sorai akasema kosa lilianzia kwa Asano mwenyewe, kwa hiyo wafe, ila wafe kwa heshima. Wakafa 46, wa 47 hadithi yake ndefu. Mwana wa Oishi alikuwa na miaka 16 tu kwa hesabu yao. Na mrithi wa Kira, aliyejeruhiwa usiku ule, naye akaadhibiwa, eti hakupigana vya kutosha! Hapo ndipo nilipochoka.

Nikarudi nikimsimulia mama mwenye nyumba wangu, nimeshawaka na mashujaa wangu. Kumbe kwao ni Kira kwenyewe, pahala pa yule bwana, huku mkoani Aichi. Akaweka kikombe chini. "Kwetu huyo ni bwana mwema. Alitujengea tuta la kuzuia mafuriko." Chai ilipoa, sikujua niangalie wapi.

Tangu hapo namfikiria Rashidi. Siku ile alipompiga yule msimamizi tulimpigia vigelegele, unakumbuka? Mimi wa kwanza. Halafu yule msimamizi... basi, tuache.

Au tusiache. Rashidi anaonekana mtaani siku hizi? Mama yake msimamizi bado anauza vitumbua pale kona? Ukipita hununui, au unanunua? Anakuitikia salamu?

Wako,
Mwanaidi