Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: tusisubiri tena mfadhili mwingine

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizopitisha kwa mtendaji wa kijiji hazikujibiwa, na kwa sababu ya maneno uliyotuambia kwenye kikao cha wadau wiki iliyopita. Ulisema wahudumu wa afya ngazi ya jamii tuwe na subira, mfadhili mwingine yuko mbioni. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Ninahudumu katika kijiji kimojawapo cha halmashauri yako, hapa mkoani Dodoma. Kazi yangu ni kuwafuatilia kina mama wanaoishi na VVU: nani hakufika kliniki, mtoto wa nani hajapimwa, nani ameishiwa dawa akaona haya kurudi. Posho ilitoka kwenye mradi wa shirika la kimataifa. Mwishoni mwa Januari 2025 msimamizi wetu alipiga simu: kuanzia leo msitoke. Baadaye likaja gari kukusanya mali za mradi, yaani baiskeli, mabegi na vishikwambi. Kishikwambi changu ndicho kilichokuwa na tarehe za kila mama kurudi kliniki. Nikasaini fomu ya makabidhiano, kikaingia kwenye boksi pamoja na vingine. Nilibaki na daftari la shule nililokuwa nikiandikia namba za kadi, na ndilo ninalotembea nalo mpaka leo, kwa miguu, bila senti.

Kijijini wengi wanaamini mashirika haya yanaishi kwa sadaka za watu wenye huruma huko Ulaya na Marekani. Yako ya namna hiyo. Madaktari Wasio na Mipaka wanategemea zaidi michango ya watu binafsi, na mwaka 2016 walikataa fedha za Umoja wa Ulaya na nchi wanachama wake kwa kupinga sera yao kuhusu wakimbizi. Lakini mengi makubwa yanaendeshwa kwa fedha za serikali. Catholic Relief Services, shirika la Kanisa Katoliki la Marekani, karibu nusu ya bajeti yake ilitoka USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Fedha hizo hushuka kwa shirika kubwa, kisha kwa shirika dogo la hapa nchini, kisha kwa msimamizi, na mwisho kabisa ndipo zinamfikia mama mwenye daftari kama mimi. Kwa hiyo Rais Trump alipotia saini amri ya kusitisha misaada tarehe 20 Januari 2025, hazikupita wiki mbili nami nikawa nimesimamishwa. Machi ile wakatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya USAID. Tarehe 1 Julai shirika lenyewe, lililoanzishwa mwaka 1961, likafungwa.

Na huyo mfadhili mwingine atatoka wapi, Ndugu Mkurugenzi? Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Wanapunguza ili waongeze fedha za ulinzi. Siwalaumu, fedha ni zao. Ila sisi watu wa Dodoma tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Hapa Kongwa, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilileta matrekta ya kulima karanga, ikamwaga mamilioni ya pauni, na mwaka 1951 London ikaamua basi. Mkulima wa Kongwa hakuulizwa walipokuja wala walipoondoka.

Ahadi zetu wenyewe ziko wapi? Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao iende kwenye afya. Januari 2024 serikali yetu ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Nilifurahi mno siku ile, nikawaambia wenzangu sasa tumekuwa watu wa serikali. Kitongojini kwangu bado sijaona jina la mtu kwenye orodha hiyo. Nahisi fedha zipo na zinaishia kwenye semina na mafuta ya magari. Sina karatasi ya kuthibitisha, ila magari nayaona.

Nimeuza mbuzi. Alizeti ya msimu uliopita ilikaukia shambani. Dukani nadaiwa, na mwanangu amerudishwa nyumbani kwa michango ya shule. Haya ningeyavumilia. Lisilovumilika ni mama mmoja wa kitongoji cha jirani aliyeacha dawa akiwa ananyonyesha. Nilichelewa kujua kwa sababu siku hizo nilikuwa kibarua kwenye shamba la zabibu, natafuta unga. Nilipofika alikuwa amekonda, na mtoto hajapimwa. Nimempeleka zahanati mwenyewe. Wako wangapi ambao sijawafikia?

Halmashauri ina mapato ya ndani. Kila mnada wa ng'ombe ushuru unakatwa, na alizeti inayotoka inalipiwa. Sheria inakutaka utenge asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na unatenga. Basi weka kifungu kingine, chenye jina lake, cha posho ya wahudumu wa afya wa vijiji. Hata kama ni kidogo. Hata kama kitaanza na wale wanaofuatilia kina mama wenye VVU peke yao. Kipeleke kwa madiwani kabla bajeti haijapitishwa, kisomwe kwa sauti, tukisikie.

Mfadhili akija, karibu sana, atatukuta kazini. Nakuomba kifungu, Ndugu Mkurugenzi. Kifungu kwenye bajeti hii, si ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Dodoma