Risala ya Klabu ya Historia na Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza.

Mwaka huu klabu yetu imechagua nchi moja tu, Mongolia. Darasani tumezoea kuisikia kwa jina la mtu mmoja, Genghis Khan, na kwa kazi moja, vita. Hatubishi. Temujin, ndilo jina lake la kuzaliwa, alitawazwa kando ya mto Onon mwaka 1206, na kufikia enzi za wajukuu wake dola ilianzia Korea hadi Ulaya Mashariki. Miji mingi iliteketea. Baghdad ilianguka mwaka 1258 kwa mauaji ya kutisha. Lakini farasi waliobeba majeshi hayo walilelewa na nani, na katika ardhi gani? Hapo ndipo tulipoanzia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mongolia ni kubwa kuliko Tanzania zaidi ya mara moja na nusu, ila watu wake, takribani milioni 3.5, hawafikii wakazi wa Dar es Salaam. Mifugo inazidi milioni 50: farasi, ng'ombe, ngamia, kondoo na mbuzi. Kusini kuna jangwa la Gobi, magharibi milima ya Altai, na bahari haipo kabisa. Majirani ni Urusi na China tu.

Kwenye meza yetu utaona mfano wa ger, hema la duara la wafugaji. Kuta zake ni fito zilizopishanishwa ili zikunjike, zikavikwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa. Mlango hutazama kusini, jiko hukaa katikati, na moshi hutokea juu. Malisho yakiisha, familia hulifungua, hulipakia na kuhama.

Kilichotugusa zaidi ni jambo la ngamia. Katika Gobi, ngamia jike akimkataa mtoto wake, au mtoto akifiwa na mama, wafugaji humfunga jike karibu na mtoto yule, kisha mtu mmoja humwimbia kwa sauti ya kubembeleza, ikirudiwarudiwa, huku mwingine akipiga morin khuur, ala ya nyuzi mbili yenye kichwa cha farasi. Huimba hivyo mpaka ngamia alegee na kumnyonyesha mtoto. Wapo wanaosimulia kuwa hutokwa na machozi. UNESCO iliiweka desturi hii mwaka 2015 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, maana pikipiki zimechukua kazi ya ngamia na waimbaji wanapungua.

Na wana adui anayeitwa dzud. Kiangazi kikikosa mvua nyasi huwa haba, kisha theluji na barafu huzifunika, wanyama hushindwa kuzifikia na kufa kwa njaa na baridi. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yaliua mifugo zaidi ya milioni 7. Aliyepoteza kundi lote hubeba ger yake kwenda pembezoni mwa mji mkuu, Ulaanbaatar, akaanze upya mjini. Sisi tulio na jamaa wafugaji tuliposoma habari hizo tulinyamaza.

Historia ya karibuni tumeibandika ukutani: kutawaliwa na China chini ya ukoo wa kifalme wa Qing, kujitangazia uhuru mwaka 1911, miaka mingi chini ya kivuli cha Umoja wa Kisovieti, nyumba za watawa wa Kibudha zilizobomolewa miaka ya 1930. Mwaka 1990 vijana waligoma kula katika uwanja wa Ulaanbaatar, na utawala wa chama kimoja ukaondoka bila damu kumwagika. Tunaona ushindi huu nao unastahili nafasi katika vitabu vyetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu ni mbili. Ramani yetu ya Asia imechanika, na maktaba haina kitabu hata kimoja kinachoeleza maisha ya wafugaji wa Asia ya Kati. Tunaomba utusaidie kupata ramani kubwa ya ukutani na vitabu vichache vya kuanzia. Mwakani tunakusudia kuwaalika wazee wafugaji wa hapa kwetu watusimulie jinsi wanavyopambana na ukame, tuandike na kuhifadhi maneno yao.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Historia na Jiografia