Kabla hujanunua nyumba ya kupangisha

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipa. Maswali yako ndiyo yale yale anayokuja nayo kila anayeanza, na sipendi majibu yake uyapate kwa dalali peke yake.

Umeanza na kodi: nyumba ikiingiza kodi nzuri, si basi? Nivumilie kidogo tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Bei ya nyumba tuiite 100. Tuseme kodi ya mwezi ni 1, yaani 12 kwa mwaka. Muuzaji atakwambia faida ni asilimia 12, na kodi hiyo huenda ni ya kweli kabisa. Lakini mpangaji akihama, ukatumia mwezi mmoja kupaka rangi na kutafuta mwingine, 1 imeshakwenda. Mwezi mmoja mtupu unakula zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya mwaka mzima! Zimebaki 11. Sasa toa bima, kodi ya jengo inayolipwa serikalini, fundi bomba, fundi umeme, akiba ya paa litakalochakaa, na ada ya msimamizi kama utamweka. Tenga 4 kwa hayo. Zimebaki 7, na bado hujalipa kodi ya mapato. Hiyo 7 ndiyo namba ya kulala nayo na kuamka nayo. Ile 12 iache kwenye tangazo.

Ukishaipata 7, swali lako la pili linajijibu lenyewe: nikope, au nisubiri akiba? Tuseme una 30 mkononi na benki inakupa 70 ulipe kwa miaka 20. Riba ikiwa asilimia 12, marejesho ya mwaka yanafika kama 9.2, wakati nyumba inakuachia 7. Maana yake kila mwaka utachomoa zaidi ya 2 kutoka kwenye mshahara wako kuilisha nyumba uliyoinunua ikulishe. Riba ikiwa asilimia 5, marejesho ni kama 5.5, na unabaki na kitu. Nyumba ni ile ile, mpangaji ni yule yule; kilichobadilika ni riba tu. Kwa hiyo usimfuate aliyefanikiwa kwa mkopo kabla hujajua alikopa kwa riba gani, na kama riba yake inaweza kupanda katikati ya safari. Na kama zile 30 ndizo zote ulizo nazo, usizimalize kwenye ununuzi. Kuna gharama za mwanasheria na za kuhamisha hati, halafu lazima ubaki na akiba ya kulipa mkopo miezi kadhaa nyumba ikiwa tupu. Nadhani aliyenunua nyumba ndogo na kubaki na akiba analala vizuri kuliko aliyenunua kubwa na kubaki mikono mitupu.

Kuhusu nyumba yenyewe, nenda mchana, kisha urudi usiku na siku ya mvua ukiweza. Fungua mabomba yote kwa pamoja uone kama maji yanapungua nguvu. Inama chini ya sinki, pitisha mkono, usikie kama mbao imelainika. Tazama dari: palipopakwa rangi mpya sehemu moja tu, uliza pana nini. Hati ihakikishwe kwenye ofisi ya usajili na mwanasheria wako mwenyewe. Wa muuzaji hakutoshi.

Umeniuliza pia mpangaji mzuri utamjuaje. Sura na maneno matamu havisaidii. Angalia kama kipato chake kinabeba kodi bila kumkaba, na zungumza na mwenye nyumba wake wa zamani, si wa sasa pekee, kwani wa sasa anaweza kumsifia ili ahame haraka. Halafu tendeana naye haki kwa maandishi: mkataba unaotaja kodi, siku ya kulipa, amana (fedha anayoiweka kwako kama dhamana), notisi, na nani anatengeneza nini. Siku ya kukabidhi funguo piteni pamoja chumba kwa chumba, mpige picha, msome mita, wote msaini. Ugomvi mwingi wa amana huzaliwa pale ambapo hakuna anayekumbuka mlango ulikuwaje. Mtu anapolala na watoto wake chini ya paa lako, bomba likipasuka mpelekee fundi siku hiyo hiyo. Ni haki yake, na mpangaji anayeheshimiwa hukaa, nawe unaukwepa ule mwezi mtupu.

Usimamie mwenyewe au umweke mtu? Kama unaishi karibu na una muda, anza mwenyewe. Utajifunza nyumba inavyokula. Ukiwa mbali, lipa msimamizi na umdai risiti.

Sasa naomba kitu kimoja. Kabla hujatoa hata malipo ya awali, niandikie bei, kodi wanayolipa wapangaji waliomo sasa (si ile unayoahidiwa), riba ya benki na miaka ya mkopo. Nitakaa nazo jioni moja nikujibu, hata kama jibu lenyewe hutalipenda.

Wasalimie wote.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote