Aliyeua akiwa mgonjwa wa akili haachiwi tu, jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila ikitoka habari kwamba mtu kaua alafu mahakamani ikasemwa ana matatizo ya akili, huku mtaani maneno ni yale yale, oh anajifanya chizi, oh subirini mtamuona stendi anadunda. Watu wanalalamikia kisichokuwepo, cha kulalamikia kweli wanakiacha.

Kwanza kujifanya chizi sio rahisi hivyo. Sheria yetu Tanzania inaanza kwa kukuhesabu una akili timamu, wewe unayesema ulikuwa mgonjwa ndo unatakiwa uoneshe. Na sio ugonjwa tu, unaweza kuwa na faili hospitali toka utotoni na bado ukafungwa. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinataka ionekane kwamba saa ile ile ya tukio ugonjwa ulikufanya usielewe unachofanya, au usijue kwamba hutakiwi kukifanya, au ushindwe kujizuia. Hiyo ya kujizuia Kenya hawana, wao wamebaki na zile mbili zilizotokana na kesi ya M'Naghten ya 1843 kule Uingereza, yule aliyempiga risasi katibu wa waziri mkuu. Na wale wa kusingizia gongo na bangi poleni, kulewa kwa kupenda kwako peke yake hakukutoi.

Alafu hakimu hakuangalii usoni akaamua. Unapelekwa Isanga, Dodoma, sehemu ya watuhumiwa wenye ugonjwa wa akili iliyo chini ya hospitali ya akili ya Mirembe, madaktari wanakuchunguza na sheria inawapa siku 42 waandike ripoti. Sawa, ila siku hizo zinaanza ukishafika, mwezi au mwaka uliosota mahabusu hauhesabiwi. Kesi ya mauaji haina dhamana, inaanzia mahakama ya chini isiyo na mamlaka ya kuisikiliza, na mara nyingi mpaka ifike Mahakama Kuu ndo wakili anasimama kuomba mteja wake akapimwe. Muda wote huo mgonjwa yuko selo moja na wazima, usiku anaongea peke yake wenzie wanamchukia, dawa za kubahatisha, halafu daktari anaulizwa siku ile ya tukio huyu alikuwa na hali gani. Atajuaje, apige ramli?

Haya tuseme ameshinda. Mahakama inasema alitenda ila hana hatia kwa sababu ya ukichaa. Nyumbani haendi! Anashikiliwa, na faili linapelekwa kwa Waziri. Mwizi wa kuku anaijua siku yake ya kutoka, huyu ambaye mahakama yenyewe imesema hana hatia haijui. Kwa wenzetu Kenya ilikuwa kukaa mpaka Rais apende, na majaji wa Mahakama Kuu yao wameshasema kwenye kesi kadhaa kwamba hiyo inagongana na katiba, mtu hawezi kushikiliwa bila kikomo kwa uamuzi wa mwanasiasa. Sisi tunasubiri nini?

Sisemi afunguliwe mlango tu aondoke, familia ya marehemu nayo ina haki ya kulala kwa amani, na wengine wakiacha dozi ni hatari kweli. Nachotaka ni kwamba hali yake iangaliwe na jaji kila mwaka, daktari akiwepo na ndugu wa pande zote wakisikilizwa. Na hakimu wa mwanzo kabisa akiona dalili ampeleke akapimwe wiki hiyo hiyo, asisubiri kikao cha Mahakama Kuu.

Na akitoka arudi wapi? Huku vijijini ndugu wanakataa kumpokea, wanaogopa kisasi, na zahanati dawa za akili leo zipo mwezi ujao hazipo, mama yake auze mbuzi akanunue mjini. Wizara ya Afya watueleze hilo wamelipangaje.

Msomaji wenu,
Singida