Barua ya malalamiko: hita ya siti iliyomuunguza mama yangu

Kwa: Meneja wa Huduma kwa Wateja
Nakala: Mkuu wa Gereji

Ndugu Meneja,

YAH: HITA YA SITI YA ABIRIA WA MBELE NA FYUZI ILIYOWEKWA NA GEREJI YENU

Hii ni barua yangu ya pili kwenu. Ya kwanza mliijibu kwa mistari minne, na mstari wa mwisho ulisema kwamba jeraha la mama yangu limetokana na mteja kutozingatia kitabu cha gari. Tangu hapo nimekisoma kitabu hicho chote. Nimemwita pia fundi umeme wa magari, akaifungua siti mbele ya macho yangu, nami nikapiga picha kila hatua. Picha hizo naziambatanisha pamoja na cheti cha daktari na risiti mbili za gereji yenu. Naomba safari hii barua isomwe na mtu anayeelewa umeme wa gari.

Mama yangu aliumia uti wa mgongo miaka tisa iliyopita. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii mguso, wala maumivu, wala joto. Siku tuliyokuja kununua gari alikuwa nasi kwenye kiti chake cha magurudumu. Muuzaji wenu, kijana mwenye adabu sana, ndiye aliyekikunja kiti hicho na kukipakia kwenye buti ili tuone kama kinaenea. Huyohuyo ndiye aliyembonyezea swichi ya hita na kumwambia, "Mama, humu baridi utaisahau." Alimwona hawezi kusimama. Hakumuuliza kama anasikia joto, na sisi hatukujua kwamba hilo ni swali la kuulizwa.

Siku ya tukio tulikuwa na safari ya saa mbili na nusu. Asubuhi ilikuwa na baridi kali, mikono ya mama imekufa ganzi, nikawasha hita yake hadi ngazi ya tatu. Hilo nalikiri, ni mkono wangu uliobonyeza. Baada ya kama saa moja mama akasema anasikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikadhani inatoka kwenye lori lililokuwa mbele yetu. Nikafunga tundu la hewa ya nje, tukaendelea na safari. Sijui ni mara ngapi nimeirudia dakika hiyo kichwani.

Jioni, dada yangu alipokuwa akimwogesha mama, aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kwenye paja la kulia, karibu kabisa na kalio, palikuwa na alama yenye upana wa vidole viwili, imepinda kama kiatu cha farasi. Pembeni ilikuwa nyekundu yenye malengelenge. Katikati ngozi ilikuwa nyeupe na kavu. Mama alikuwa anatuuliza, "Kuna nini?" Hakuwa amesikia chochote. Daktari alituambia kwamba weupe ule ndio wa kuogopa, maana unaonyesha moto umeingia ndani. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga. Kwa mtu wa hali yake, kidonda cha sehemu ya kukalia humwondoa kwenye kiti cha magurudumu na kumrudisha kitandani, kulala ubavu mmoja, kugeuzwa usiku na mchana ili ubavu huo nao usioze. Hizo ndizo wiki saba ninazozizungumzia.

Sasa nije kwenye gereji yenu. Miezi miwili kabla ya tukio, hita za siti za mbele zilianza kuzimika zenyewe. Zikiwashwa zote mbili pamoja, baada ya muda zinakufa, fyuzi imeungua. Niliwaletea gari mara mbili. Mara ya kwanza mkabadilisha fyuzi, ikaungua tena ndani ya wiki. Mara ya pili risiti imeandikwa maneno manne tu: "Fyuzi ya hita, imebadilishwa." Kweli haikuungua tena, nami nikashukuru.

Fundi wangu alipofungua kisanduku cha fyuzi, alinionyesha mchoro ulio ndani ya kifuniko. Nafasi ya hita za siti imeandikwa 15. Fyuzi ya ampea 15 ni ya bluu. Iliyokuwa imechomekwa pale ni ya kijani, nayo imepigwa chapa ya 30.

Kisha akaja kwenye siti. Kabla ya kugusa chochote alichomoa betri akasubiri, kwa sababu ndani ya siti hiyohiyo mna waya za manjano za mfuko wa hewa wa pembeni, na huo hauchezewi ukiwa na umeme. Alipoondoa ngozi ya kukalia, tukaona mkeka mwembamba wa hita na waya wake ukizunguka mle kama nyoka. Upande wa mlango, pale dada yangu anapopiga goti ili kumvuta mama kutoka kwenye kiti cha magurudumu, waya ulikuwa umekunjika, ganda lake limepasuka, na mikunjo miwili imegusana. Sponji upande wa pili ilikuwa na msitari wa kahawia. Niliweka picha ya sponji ile kando ya picha ya paja la mama. Mpindo ni uleule.

Nimejifunza hesabu yake, na naiandika hapa kwa sababu jibu lenu la kwanza halikuigusa kabisa. Hita moja ya siti kama ile hula takriban wati 60, yaani ampea 5 hivi kwa volti 12. Mbili pamoja ni ampea 10, ndiyo maana mtengenezaji akaweka fyuzi ya 15. Waya ukigusana katikati, umeme unapita njia ya mkato na nusu ya waya inabaki baridi. Ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, unapungua kwa nusu, mkondo unakuwa maradufu, na nguvu yote hiyo inaishia kwenye ile nusu nyingine. Kila kipande cha waya unaofanya kazi kinatoa joto mara nne ya lile kilichoundwa kulitoa. Injini ikiwaka, altaneta, yaani mashine inayochaji betri, inapandisha umeme hadi karibu volti 14. Kwa hiyo siti mbili zikiwashwa pamoja, moja ikiwa mbovu, tunavuka ampea 15. Fyuzi inaungua. Ilikuwa inatuambia kwamba kuna ugonjwa ndani ya siti. Mliinyamazisha kwa kuweka nyingine isiyoweza kusema.

Mtaniuliza: mbona sensa ya joto haikuikata hita? Nilimuuliza fundi swali hilohilo. Sensa ya siti ile ni moja tu, ndogo kama punje, na ilikuwa imelala kwenye ile nusu iliyobaki baridi. Ilipima baridi ikaomba joto zaidi, safari nzima.

Sisemi kwamba fyuzi ya bluu ndiyo ingetosha kumlinda mama. Fyuzi hulinda waya, hailindi ngozi ya mtu. Ningewasha siti yake peke yake, huenda hata ya 15 ingehimili. Lakini gari lililorudi mara mbili na fyuzi iliyoungua lilistahili kupimwa ukinzani wa siti kwa mita, kazi ambayo fundi wangu aliimaliza kabla chai yake haijapoa. Siti moja ingesoma nusu ya mwenzake. Hapo ndipo mlipoiacha.

Kuhusu kitabu cha gari. Ni kweli, kimeandika kwamba mtu asiyehisi joto asitumie hita, kwamba siti isipigwe goti, na kwamba isifunikwe blanketi au mto kwa kuwa joto hukwama chini yake. Maneno hayo yako ukurasa wa 312, katikati ya maelezo ya kurekebisha mgongo wa siti, bila alama yoyote ya hatari. Kwenye swichi yenyewe hakuna neno. Taa yake ndogo iko nyuma ya gia, inafunikwa na mkono wa dereva. Na hita ya siti haijizimi yenyewe. Kioo cha nyuma cha gari hilohilo kina hita inayojizima baada ya kama dakika 15; kwa nini kioo kilindwe na mtu asilindwe?

Wala msiniambie kwamba jambo hili ni geni. Siti za joto zimekuwapo kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1966. Jinsi ngozi ya binadamu inavyoungua kwa joto lisilotisha inajulikana tangu 1947, watafiti Moritz na Henriques walipochapisha utafiti wao nchini Marekani: ngozi ikikaa kwenye nyuzijoto 44 huanza kuungua baada ya kama saa 6, na ikifika 49 dakika 10 hivi zinatosha. Mtu mwenye afya husogea muda mrefu kabla ya hapo, tena bila hata kufikiri. Mama yangu hana pa kupatia habari ya kusogea. Mwaka 2011 madaktari wa majeraha ya moto na watetezi wa usalama waliiandikia mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, kuhusu hita za siti kuwaunguza watu wa aina yake hasa, waliopooza na wenye ganzi ya kisukari. Kampuni inayouza magari yenye hita inapaswa kuyajua haya kabla ya mteja kuyajulia hospitalini.

Kuna jingine, dogo, ila linaonyesha jinsi kazi inavyofanywa kwenye gereji hiyo. Mara ile ya pili kijana wenu alibandua stika ya huduma kwenye kioo cha nyuma kwa wembe, akikwangua kutoka juu kwenda chini, kukatisha ile mistari ya hita. Mistari ile ni rangi yenye madini ya fedha iliyochomewa juu ya kioo, na hufutwa kwa kitambaa laini kufuata urefu wake. Mitatu imekatika. Ukungu ukitanda, kioo kinasafika chote isipokuwa pale. Naomba iunganishwe kwa rangi maalumu ya kupitisha umeme, na kijana huyo afundishwe, asifukuzwe.

Hita ya usukani inafanya kazi vizuri na sina neno juu yake.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza, na hili kwangu linatangulia hata gharama za matibabu, mfungue kumbukumbu za gereji yenu na mwite kila gari lililowahi kubadilishwa fyuzi ya hita za siti. Fyuzi zikaguliwe, ukinzani wa kila siti upimwe, na wenye magari waambiwe ukweli kwa nini wameitwa. Siamini kwamba mkono ulioweka ya kijani kwenye gari langu uliiweka mara moja tu maishani. Kwenye safari inayofuata anayekalia siti ile anaweza kuwa mtoto amelala kwenye kiti chake cha usalama, asiyeweza kusema kwamba anaungua.

Mkeka wa hita ubadilishwe mzima kwa gharama yenu, usiungwe. Matibabu ya mama kwa wiki zile saba mlipe. Hesabu yake imeambatanishwa. Wauzaji wenu wapewe swali moja la kumuuliza kila mnunuzi: je, kuna atakayekalia siti hii ambaye hasikii joto vizuri? Jibu likiwa ndiyo, hita ya siti hiyo izimwe kabisa kabla gari halijatoka. Na mniambie kwa maandishi kama programu ya gari inaweza kurekebishwa ili hita ishuke ngazi yenyewe na kuzimika baada ya muda. Kama haiwezekani, mniandikie kwamba haiwezekani, nami nijue.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Gari limesimama, betri imechomolewa, siti iko wazi kama fundi alivyoiacha, na yeyote mtakayemtuma anakaribishwa kuja na mita yake. Mkeka wa zamani hautatoka mikononi mwangu mpaka upimwe mbele yangu. Fyuzi ya kijani nimeitia kwenye bahasha yenye tarehe na sahihi ya fundi. Nitaikabidhi kwa atakayesaini kwamba ameipokea.

Wenu,

Mteja, mwenye gari