Nani aliwachagua wanafunzi wanaosafiri?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu ushirikiano kati ya shule zetu za Moshi na shule za Ulaya, jambo ambalo nimekuwa karibu nalo kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa Uraia na sasa nikiwa babu wa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Juma lililopita mjukuu wangu alileta nyumbani barua ya shule inayowaarifu wazazi kwamba wanafunzi sita watakwenda Ujerumani kwa wiki mbili, ili wakajifunze demokrasia na kuheshimu tamaduni mbalimbali. Majina sita yalikuwa yameshachapwa chini ya barua hiyo. Nilipomuuliza ni nani aliyewachagua, alinijibu, "Babu, sisi tumeyakuta tu kwenye ubao wa matangazo."

Siandiki kwa uchungu wa jina la mjukuu wangu kutokuwamo. Yeye mwenyewe hakutarajia, na Kiingereza chake nakijua. Wala sipingi safari hizi. Manispaa yetu ina udugu na mji wa Tübingen tangu 2014, na mimi ni shahidi kwamba kijana akikaa wiki mbili na mwenzake wa mbali hubadilika namna anavyouliza maswali. Ninachosema ni kwamba safari ya kwenda kujifunza demokrasia, ikiwa majina ya wasafiri yameamuliwa ofisini mlango ukiwa umefungwa, imeshafundisha somo lake kabla ya tiketi kukatwa, na somo hilo wanafunzi wanalielewa vizuri kuliko tunavyodhani.

Nikiwa bado kazini tuliwahi kupokea wanafunzi wageni kutoka Ujerumani katika shule niliyofundisha. Siku ya pili tuliwaketisha na wanafunzi wetu darasani, na msichana mmoja wa Kijerumani akauliza kiranja mkuu wetu alipatikanaje. Darasa zima liligeuka kunitazama mimi. Hatimaye binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye hakuwa msemaji sana, alisimama akasema, "Tulipiga kura, lakini majina matatu yalitoka ofisini." Nilitamani ardhi ipasuke. Kilichoniokoa ni kijana mmoja wa upande wa wageni, aliyecheka na kueleza kwamba kwao darasa huchagua mwakilishi wake kwa kura ya siri, ila kazi hiyo haina wagombea, hivyo mara nyingi humwangukia yule aliyechelewa kukataa. Basi mazungumzo yakafunguka. Wetu wakataka kujua mwakilishi huyo ana mamlaka gani, wakaambiwa kwamba wanafunzi wana viti katika baraza la shule pamoja na walimu na wazazi, na kwamba katika jimbo la Baden-Württemberg, uliko mji huo wa Tübingen, kijana wa miaka 16 hupiga kura katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Kwetu ni miaka 18. Wakabishana kuhusu umri huo hadi kengele ya chakula ikapigwa na hakuna aliyeinuka. Katika miaka yangu yote sikupata kufundisha kipindi cha Uraia kilichofikia hicho, na ukweli ni kwamba siku ile sikufundisha chochote.

Upande wa tamaduni nao una kasoro zake. Wageni wakija, tunawavisha watoto kaniki, wanacheza ngoma uwanjani, kisha wageni wanapelekwa kwenye maporomoko ya Marangu na chemchemi za Chemka. Mama mmoja aliyempokea mgeni nyumbani alimkaangia chipsi siku tatu mfululizo akihofia tumbo lake, huku familia ikila kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, jikoni. Siku ya nne yule mgeni aliingia jikoni mwenyewe akaomba sahani. Hapo ndipo ugeni ulipoanza kwisha. Lakini sikumbuki hata mara moja wageni hao wakipelekwa Old Moshi, mahali ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa jadi wa Wachaga wa huko, mnamo Machi 1900, ilhali hakuna mahali panapowahusu kwa pamoja watoto wa pande hizi mbili kama pale. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha ndugu walio hai na mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro enzi za ukoloni, na mwaka huohuo, mwezi Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha pale Songea kwa maovu ya enzi hizo. Viongozi wakubwa wamekwisha kulitamka jambo hili hadharani. Sioni kwa nini walimu tunaogopa kulitamka mbele ya vijana wa miaka 16, kana kwamba urafiki wao ni yai litakalovunjika likiguswa.

Nirudi kwenye uteuzi. Wenzangu waliobaki kazini huniambia kwamba wanafunzi wakiachiwa kura watamchagua mchekeshaji wa darasa. Huenda. Naye atakaporudi bila taarifa yoyote ya maana ya kuwaeleza waliomtuma, darasa litakuwa limejua gharama ya kura yake, na safari ijayo litachagua kwa akili zaidi. Shule inaweza kutangaza sifa mapema, na kila mtu akazijua; kisha kila mkondo ukapendekeza kwa kura ya siri, na nafasi moja au mbili zikaachwa kwa bahati nasibu, ili mtoto mkimya wa kata ya Pasua ambaye mzazi wake hamjui mjumbe yeyote wa bodi naye awe na tumaini. Kura zihesabiwe mbele ya wanafunzi.

Kwa kuwa nauli na viza zitaendelea kuwazuia walio wengi, ningeshauri pia tutazame karibu. Holili si mbali na hapa, na ng'ambo ya mpaka ni Taveta, ambako kuna shule, soko kubwa, na watu wengi wenye ndugu huku kwetu. Wiki moja tu ya kubadilishana wanafunzi kumi ingetosha. Mtoto wa Moshi angekuta kwamba wenzake, wanaotazama mlima uleule, wana gavana aliyechaguliwa na wananchi wa kaunti kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya 2010, wakati mkuu wa mkoa wetu huteuliwa na Rais. Mtoto wa Taveta naye angekaa kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa wetu na kusikia mwenyekiti akiulizwa habari za fedha za maji. Kila mmoja angekwenda na swali na kurudi na mawili. Hakuna viza inayohitajika, bali hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, ridhaa ya wazazi na basi la shule. Kisha makundi yote mawili yangeweza kwenda Arusha, ambako Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mwaka 1999, kuwasikiliza wabunge wa Afrika Mashariki, tisa kutoka kila nchi mwanachama, wakijadiliana. Tunawapitisha watoto wetu nje ya majengo yale kila mara wanapokwenda mbugani.

Nimeiandikia bodi ya shule ya mjukuu wangu kuomba orodha ile ya majina sita isimamishwe hadi kura ipigwe, na nakala ya barua hiyo nimempelekea mkuu wa shule. Muda bado upo, kwa kuwa safari ni ya muhula ujao. Sanduku la kura nalo lipo: nimeambiwa linawekewa chaki, stoo, nyuma ya magoli ya zamani.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi