Mwanangu, wako wangapi?

Mtama, Lindi
Jumapili usiku

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Huku hatujambo, isipokuwa baba yako kifua kinambana kwa sababu ya salfa. Anapulizia mikorosho bila kujifunga kitambaa puani, ukimwambia anasema alianza kupulizia kabla sijaolewa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nikikupigia mtandao wako unakatika palepale ninapouliza jambo la maana, na nikikutumia meseji unanijibu kwa kidole gumba. Barua utaisoma mpaka mwisho, kwa sababu nimeiweka ndani ya ndoo inayokuja na basi, chini ya ming'oko, vile viazi vya porini, na utakuwa na njaa.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa nakata kitenge cha mteja, simu ikaingia meseji. Miwani sikuwa nayo, nikampa binti wa yule mteja anisomee. Akasoma kwa sauti ya darasani, yote, kabla hajaelewa anasoma nini: kwamba unadaiwa shilingi 430,000, kwamba mimi ndiye mdhamini wako, na kwamba usipolipa mpaka Jumamosi picha yako itatumwa kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yako. Nikamwambia mama yake hao ni matapeli wa mitandaoni. Akaitikia, lakini macho yake hayakuitikia. Kitenge nikakikata upande, mita mbili za watu, na nimezilipa.

Jioni yake dada yako ananionyesha ujumbe wako: unauza gitaa, mteja yupo, laki tisa, umechoka na muziki.

Mwanangu, mimi ni fundi cherehani. Mtu akiniletea mita nne akasema anataka sketi moja, najua kuna kingine anataka kushona. Mwenye deni la laki nne na elfu thelathini hatoi kwa laki tisa kitu kilichotengenezwa kwa milioni tatu na nusu. Wapo wengine wanaokudai. Nataka uniambie wako wangapi. Sijauliza kwa nini ulikopa, hilo litakuja siku yake. Nauliza idadi tu.

Kuchoka na muziki siamini. Mwezi wa sita kondakta wa basi hili hili alinionyesha kwenye simu yake harusi moja ya Dar, akasema, mama, tazama huyu mpiga besi anavyowachezesha watu na yeye hata hatabasamu. Nikatazama. Nikajifanya sikujui. Basi lilipokuwa linataka kuondoka nikamfuata dirishani nikamwambia, yule ni wangu. Sasa mtu aliyechoka anapiga vile?

Mimi nilikwambia gitaa haliliwi, wakati ule ulipoacha kibarua bandarini Mtwara. Sasa unataka kunionyesha kwamba linalika. Sawa, limelika. Lakini angalau liliwe na mtu mwenye njaa, lisiliwe na kausha damu, hao wakopeshaji wa riba ya kunyonya.

Habari za mchi wa bibi yako, ule uliopasuliwa ukawa ubao wa shingo ya gitaa, sizirudii, unazijua na ulikuwepo. Ila kile kipande kilichobaki kwa fundi, kile nazuilia mlango wa jikoni, juzi kilidondokea ndani ya ndoo ya maji kikazama kama jiwe. Nikakitoa nikakifuta. Katikati cheusi ti, pembeni ule mkanda wa njano kama samli. Mkanda huo huo ndio uko kwenye ubao wa shingo ya gitaa, ubavuni mwa uzi wa tano, fundi alitaka kuuondoa wewe ukakataa. Nilikasirika siku ile nikidhani unamfundisha fundi kazi. Kumbe ulikuwa unaona vizuri.

Huyo mteja wako anajua ule ni mpingo? Au umemwambia mbao nyeusi? Mpingo wa huku kwetu, wa Kilwa na Nachingwea, ndio Wazungu wanautengenezea klarineti na obo zao, kwa sababu haunywi maji na haupindi ovyo. Mti wenyewe unachukua miaka 70 hata zaidi mpaka ufae kupasuliwa. Usimwambie mtu mbao nyeusi.

Najua atakachosema: kichwani halina jina la kiwanda. Kweli, halina. Gitaa lako ni nguo ya kupima. Shingo imechongwa nyembamba kwa ajili ya vidole vyako, ambavyo ni vya baba yako, vifupi. Urefu wa inchi 35 uliutaka wewe ili ule uzi mnene wa chini usilegee, ule ukiugusa hapa sebuleni vikombe vinalia kabatini. Nguo ya kupima ukiipeleka mnadani, mnunuzi hatazami mshono, anatazama kama itamtosha, na ikimtosha bado anataka bei ya mtumba. Sikulaumu kwa laki tisa. Nguo za kupima zimenirudia mimi mwenyewe, bibi harusi kanenepa au harusi imevunjika, nikaziuza kwa bei ya uzi na vifungo. Lakini sikuziuza siku ile ile. Nilizitundika mpaka akapita mtu wa mwili ule.

Kuuza siku ile ile tunakujua sisi watu wa korosho. Jina lake unalijua: kangomba. Mti bado una maua, mtu anakuja na bakuli lake na pesa mkononi, na kilo yake si kilo. Unachouza pale ni haraka yako, korosho anaondoka nazo kama nyongeza.

Na hapa niseme jambo. Zile gunia mbili za 2018 hazikuloa mvua. Nilizitoa kangomba mwezi wa nane, kwa 1,200, kilo 160. Novemba Serikali ikatangaza inanunua kwa 3,300, mimi niko kwenye cherehani nasikiliza redio ya jirani. Piga hesabu mwenyewe, kabla ya makato. Nilikuwa nadaiwa kikoba, tena pesa yenyewe nilikuwa nimekopea sare na vyombo vya unyago wa mtoto wa dada yako, ili nisionekane bibi asiye na kitu. Ndiyo maana ada yako ya chuo ilichelewa ukakaa nyumbani muhula mzima. Baba yako mpaka leo anajua ni mvua, na wewe usimwambie. Wanachama wa kikoba walikuwa kumi na nne na wote walikuwa wananisalimia vizuri, lakini nilikuwa nazunguka kwa nyuma ya msikiti ili nisikutane nao. Kwa hiyo ninapouliza wako wangapi sikuulizi kama mtu asiyejua.

Dada yako amenisomea kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mitandaoni bila leseni. Tafuta hiyo orodha, uwatazame wako mmoja mmoja. Anasema pia ipo sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, hivyo kunitumia mimi meseji ya kukuaibisha si haki yao, na picha ya meseji ameitunza. Deni ni deni, utalilipa. Ila riba ya kila wiki inayozaa kama panya, na kukopa kwa huyu umlipe yule, hapo ndipo unapozama. Andika majina yote kwenye karatasi moja. Mimi nilipoyaandika yale yangu yalikuwa machache kuliko yalivyokuwa usiku.

Ukiwa umeshaamua kuuza, sikukatazi, ni lako. Lakini usimpe huyu wa kwanza. Wapelekee wapiga besi wa nyuzi tano, wenzako wa bendi na wa taarabu, walichomeke walisikie, maana asiyejua uzi wa tano ataliona zito tu. Betri ile ya volti 9 iliyo ndani ya gitaa weka mpya kabla mtu hajaja, na usiache waya umechomekwa usiku kucha kama ulivyokuwa ukifanya hapa, ukaja kusema gitaa limekufa. Nyuzi zifute chumvi ya jasho. Pesa ihesabiwe kwanza, mchana, mahali penye watu, gitaa liwe bado mkononi mwako.

Au fanya hivi. Mjomba wako wa Mbagala ana laki tano kwenye kibubu. Najua kwa sababu mkewe kaniambia, na wewe hujaambiwa na mtu. Mpelekee gitaa alale nalo chini ya kitanda, akupe hizo, mpaka minada ya Oktoba ianze nasi tukiuza tumrudishie. Mwaka huu mikorosho imechanua vizuri upande wa bondeni, upande wa barabarani ugonjwa wa ubwiri umetuwahi. Kutakuwa na kitu. Mjomba atanung'unika, atakusomea historia ya maisha yake tangu mkonge, vumilia. Yeye hawezi kulipiga wala kuliuza, na hatamtumia mtu picha yako.

Baba yako sijamwambia. Analiita gogo, unamjua, lakini juzi alimfokea mtoto wa jirani aliyetaka kukitumia kile kipande cha mpingo kuvunjia nazi. Akajua gogo limeuzwa kwa laki tisa atakwenda kwa miguu mpaka Dar, na kwa kifua kile hatafika hata Mnazi Mmoja yetu ya hapa Lindi.

Nimekutumia elfu themanini kwenye simu. Ni za kitenge kingine, hazihusu madeni, ni za kula. Usimlipe nazo mtu. Nitajua.

Bati la jikoni limetoboka palepale pa zamani, fundi anataka elfu thelathini na tano, nimemwambia asubiri, mvua bado. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Ufuta tumeshauza, pesa yake imekwenda kwa vibarua wa palizi, maana chini ya mikorosho lazima pawe peupe la sivyo tutaokota korosho kwa kupapasa. Cherehani inaruka mshono. Ukipita Kariakoo nitafutie bobini ya chuma, zile za plastiki zinapinda. Si lazima mwezi huu.

Ming'oko ichemshe leo leo kwa chumvi, ukiiacha kesho itakuwa imenyauka. Choroko ziko kwenye kitambaa cha bluu, dagaa kwenye gazeti. Korosho ni za msimu uliopita, nimezibangua mwenyewe, mkono mmoja umeungua kidogo kwa mafuta yake lakini umepona.

Na mfuko. Ule mfuko wa turubai niliolishonea gitaa, wenye blanketi ndani, usiende na gitaa. Ukiuza, mnunuzi atafute wake. Ile zipu ni ndefu na ni ya chuma, huku haipatikani, nina kazi nayo. Na usipouza, basi itazame pale kwenye kona ya chini, nilishona kwa haraka kwa sababu ulikuwa unawahi basi; inaweza kuwa imeachia. Niletee nirudie.

Nijibu kwa namba moja tu kwenye simu, bila maneno. Tatu, tano, vyovyote. Nitaelewa.

Ndoo ni ya jirani. Irudi na basi hili hili Jumanne, na mfuniko wake.

Mama yako